Bata Aliyesema Pole

Zamani wanyama walipokuwa wakicheza tenisi, bingwa alikuwa Paa, na Bata hakuwahi kumshinda. Mwaka mmoja Kiboko, mwenye kiwanja, alikijaza tope ili watazamaji wapate la kuchekea. Bata akajiona yuko kwao. Paa, kila akipiga mpira, anateleza na kuanguka chali. Watazamaji hoi kwa kicheko. Bata naye, kila Paa akianguka, anasimama kumwambia, "Pole, dada," na mpira unampita. Basi akashindwa.

"Bata wee!" Kiboko alifoka. "Ushindi ulikuwa wako!"

Bata alimpa Paa bawa, akamwinua. "Kwenye kiwanja kigumu, nilipokuwa nikijikwaa mimi, nyote mlicheka," alisema. "Aliyeniambia pole ni huyu peke yake."