Nyota Baada ya Jina la Baba

Mishi aliandika amri ya kufuta kwenye kompyuta, kisha jina la marehemu baba yake, na nyota mwishoni. Mama yake akachungulia.

“Hiyo nyota ya nini?”

“Inakusanya mafaili yote yanayoanza na jina la baba. Ni picha tu, nimeshazinakili kwingine.”

“Itakuuliza kwanza?”

“Haiulizi, mama. Ikinyamaza, ujue imeshafuta.”

“Kama wewe utotoni. Ukinyamaza, kuna kitu umevunja. Hebu iambie iyataje kwanza.”

Mishi akacheka, akabadilisha neno moja tu: badala ya kufuta, kuorodhesha. Majina yakashuka, picha baada ya picha. La mwisho lilikuwa la sauti iliyorekodiwa, ambayo hawakuwahi kuisikia.

Mama akavuta kiti. Mashine ilikuwa kimya, alama yake ya kuandikia ikipepesa, ikingoja neno.