Mkono wa Binti wa Balozi

Yunis alipofunua blanketi aliona uso wa kaka yake, aliyepanda mlima jana akiwa na homa kutoka mashamba ya mkonge ya Mombo, umejaa vipele vigumu kama punje za mtama.

Ndui.

Mwezi uliopita kijiji kilibishana juu ya chanjo yake mpaka koo zikakauka. "Sisi si ng'ombe wa kuchanjwa!" watu walifoka. Ndipo mume wa Yunis, balozi wa nyumba kumi, aliposimama: "Wataalamu wamesema. Binti yangu atatangulia."

Yunis hakutaka kumwaibisha. Alimpeleka binti, akachanjwa, na kijiji kizima kikapanga foleni nyuma yao. Kisha, huko migombani, akausugua mkono ule kwa majivu mpaka akaamini dawa yote imetoka. Shangazi zake walikuwa wamemnong'oneza kwamba inaziba kizazi.

Sasa alimvuta binti mlangoni, penye mwanga, akampandisha mkono wa gauni. Watoto wote wa jirani walikuwa na kovu la chanjo. Huyu ngozi yake ilikuwa laini kama yai.

"Maji," kaka yake akaita kutoka ndani.

"Naam, mjomba!"

Mkono ukamponyoka Yunis, ukachukua kikombe.