Dau la Pai

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha mashine ya kupimia vyuma vya kuungia mifupa, Merrin na Garth waliwekeana dau la pai moja ya nyama: leo kitaanza kuvunjika nini, chuma au mfupa? Kila mmoja aliandika jibu lake ubaoni, wakagonganisha vikombe vya chai, kisha kitufe kikabonyezwa.

Asubuhi hiyo ya Februari, Garth alifungua bahasha iliyotoka hospitali, akasoma namba ya mgonjwa, akairudisha chaki mahali pake.

"Leo sibeti."

"Jitu zima linaogopa pai?"

"Sina njaa, mkuu."

Merrin alimtazama. Tangu ajiunge na maabara hiyo Septemba, Garth hakuwahi kukosa njaa. Alikuwa pande la mtu, mchezaji wa zamani wa timu ya mtaa, mwenye viganja vya kufunika sahani. Joto la kiangazi cha Adelaide lilikuwa limepita nyuzi arobaini, naye bado amefunga vifungo vya shati mpaka mwisho wa mikono. "Mimi na jua hatuelewani," ndivyo alivyozoea kusema.

Ndani ya bahasha mlikuwa na chuma cha kuungia mfupa wa mkono, kimekatika vipande viwili. Karatasi haikuwa na jina. Ilisema mgonjwa aliwekewa chuma hicho baada ya kuanguka kwenye ngazi, na kikavunjika miezi minne baadaye, Julai, alipoanguka bafuni. Hospitali ilitaka kujua kama chuma kilikuwa kibovu. Jibu lilihitajika kabla ya saa sita mchana.

Merrin alikaza chuma kipya cha aina ileile kwenye mfupa wa plastiki, akauminya kwa mashine kama mtu anayeangukia kiganja. Chuma kikapinda. Hakikukatika.

Akakaza kingine, akakisokota tu. Skrubu zilichomoka moja moja, ya mwisho ikaruka ikakigonga kioo cha kinga. Chuma kikabaki kizima.

Mara ya tatu aliiamuru mashine ibane na kusokota kwa pamoja. Mfupa ulilalama, ukalalama tena, kisha ukapasuka pamoja na chuma chake kwa mshindo kama wa risasi. Garth aliruka nyuma. Kikombe kikamponyoka, kikasambaratika sakafuni.

Merrin alivilaza vyuma viwili ubavu kwa ubavu, cha mgonjwa na cha mashine. Vilikuwa vimekatika mshazari uleule, kama mapacha.

"Chuma hakina kosa," alisema. "Na huyu hakuanguka. Sakafu ya bafu haina vidole, Garth. Mkono umebanwa mahali, mtu akausokota. Umelia, naye akaendelea kusokota."

"Andika ameanguka, mkuu. Sisi tunapima vyuma, hatupimi ndoa za watu."

"Nani kataja ndoa?"

Simu ya Garth iliita. Akageukia ukuta, akanong'ona maneno machache, akaizima, kisha akapiga magoti kuokota vigae vya kikombe. Aliviokota kwa mkono wa kulia, kimoja kimoja.

Merrin alimkumbuka Tessa, mke wa Garth, mwembamba kama unyasi. Kwenye nyama choma ya Krismasi alikaa kimya kutwa nzima, na Garth hakumwondolea macho. Kila Tessa alipoinuka, Garth naye aliinuka.

"Nikiandika ameanguka, hospitali itafunga faili," Merrin alisema. "Atabaki nyumba ileile, na mnyama yuleyule. Kwanza ngazi, halafu bafu. Safari ijayo itakuwa shingo."

"Andika tu, Merrin. Nakuomba."

Hakuwahi kumwita kwa jina. Merrin aliusogeza mkono wake mpaka ukaigusa spana iliyokuwa mezani. Aliviangalia vile viganja, akajilazimisha kuuliza.

"Garth, umemfanya nini Tessa?"

Garth alisimama taratibu. Alivimwaga vigae kwenye pipa la taka. Kisha akaanza kufungua vifungo vya shati, mkono wa kushoto, na alipofika cha mwisho akaikunja ile nguo mpaka juu ya kiwiko. Kovu refu lilipanda kutoka kwenye kifundo. Juu yake lilipita jingine, bado jekundu.

"Ulikuwa mlango wa gari," alisema. "Tessa aliusukuma kwa goti, huku akinisokota kwa mikono yake miwili."

Akaichukua kalamu, akamwekea Merrin kiganjani.

"Usiandike nimeanguka."