Mgao wa Miche ya Nyanya

Mzee Mwandoro hakuwa na kisima, wala mvua, wala chakula kingine cha wajukuu. Kwa sheria, maji yaligawiwa watu tu. Mimea ilipata pale mtu alipoiachia mgao wake, na aliyeuachia hakumaliza wiki akiwa hai.

Miche ya nyanya, aliyoihamishia shambani kwa pupa jua likiwa kali, ilikuwa imelala chini. Aliitilia kivuli cha magunia, lakini mizizi ilitaka maji.

“Waandikie wagawa maji kwamba naiachia miche mgao wangu,” mkewe, Bi Mejumaa, alisema kutoka kitandani. “Au kule ngumbaru, darasa la watu wazima, hawakukufundisha kuandika barua?”

“Walinifundisha, mke wangu. Tulia.”

Akaandika jina lake mwenyewe, akaifunga bahasha kwa gundi, akaituma.