Mtutu wa Pili

Risasi ya kwanza ilimwangusha Nyamizi chali. Bunduki ile nzito ya mitutu miwili, ya kuulia nyati, ilimpiga teke begani, na wanaume waliokuja kutazama mtihani wa walinzi wa mashamba wakacheka hadi wakaegemeana. Mji ule uliopakana na msitu haukuwahi kuwa na mlinzi mwanamke.

"Inatosha, binti," alisema Afande Lugoye, msimamizi wa mtihani. "Hii si kazi ya mwili kama wako."

Nyamizi aliinuka na bunduki yake. Bega lilimwaka moto.

"Mtutu wa pili bado una risasi, afande. Mtihani ni risasi mbili."

"Itakuvunja bega."

"Bega ni langu."

Mara ya kwanza alisimama wima, akajikaza kama mtu anayengoja kofi. Sasa alitanguliza mguu wa kushoto, akalegeza magoti, akaegemea mbele. Kitako cha bunduki alikibana palepale palipokuwa pakiuma. Hakukusudia tena kushindana na lile teke. Alikusudia kwenda nalo.

Akafyatua.

Mitutu ilipaa juu, mwili wake ukayumba nyuma hatua moja, kisha ukatulia. Alikuwa amesimama. Kule mbele, ubao wa shabaha ulikuwa na tundu karibu na katikati.

Hakuna aliyecheka. Nyamizi aliikunja bunduki katikati kuifungua, maganda mawili ya risasi yakatoka yakifuka moshi, kisha akamnyooshea Afande Lugoye kiganja kitupu, akiomba risasi nyingine.