Simu Iliyojaa

Salha alimletea mama yake spika inayojibu maswali, maana macho ya Bi Mize yalikuwa yamefifia na upweke ulimzidi. Lakini programu ya kuiendesha ilijikokota kwenye simu kuukuu ya mama. Kila Salha alipobonyeza, kioo kilibaki cheupe.

"Simu imejaa, mama. Nifute vya zamani?"

"Futa tu, mwanangu."

Nusu ya vilivyoijaza simu ilikuwa jumbe za sauti, na zote mama alikuwa amemtumia yeye. Kila ulipoingia mmoja kwenye simu yake, Salha alijiambia atausikiliza akitulia, na hakuwahi kutulia. Akaufungua mmoja, akaiweka simu ya mama sikioni.

"Salha, mbuzi kazaa. Nimeota umekuja. Ukipata nafasi, nijibu."

Uso ulimwiva. Jumbe hakuzigusa, akafuta picha na michezo mpaka programu ikafunguka.

"Tayari, mama."

"Nikiita, itanijibu kweli?"

"Itakujibu papo hapo," alisema Salha, na hakuweza kumtazama.

Bi Mize akaipapasa spika mezani, akaiinamia taratibu.

"Hujambo, mwanangu?"

Taa ndogo ya buluu ikaanza kuzunguka.