Kindi na Filimbi ya Nyumbu

Nyumbu alikuwa kocha mkuu wa timu ya Bondeni tangu enzi za ujana wake, na sasa magoti yalimuuma hata akisimama tu. Msaidizi wake Kindi, kijana mwepesi wa akili, ndiye aliyewafundisha washambuliaji, na bonde zima lilisema zamu yake ya kuwa kocha mkuu imefika.

Nyumbu hakubishana. Alimvisha Kindi filimbi yake ya ukocha kwa mechi moja, akajilaza pembeni ya uwanja.

Mechi ilipokwisha, Kindi alimjia mbio. "Mzee, nimefunga mabao manne! Umeiona ile kona niliyoipanga?"

"Nimeiona. Matokeo?"

Kindi akajikuna sikio. "Wamefungwa matano."

"Kina nani?"

"Ngiri na mabeki wenzake. Hao sikuwafundisha mimi."

Ngiri alikuwa akipita akichechemea. Alisikia, akainamisha kichwa.

Nyumbu akajiinua taratibu, akamvua Kindi filimbi, akaivaa mwenyewe.

"Ngiri," akasema, "leo nimefungwa matano. Kesho njoo tuyarekebishe."

Kisha akamgeukia Kindi. "Siku neno hilo, 'nimefungwa', litakapokutoka, filimbi ni yako. Na ujitahidi, mwanangu. Nimechoka."